Chumvi Kwenda, Mahindi Kurudi: Siku Sita Barabarani, Septemba 2022

Jumatatu, 12 Septemba. Jomvu hadi Mariakani

Mjomba ana lori moja na mkopo mmoja, na vyote viwili huondoka Mombasa pamoja. Safari hii nami nimo. Utingo wake amelazwa na malaria, na mimi tangu ofisi ya uwakala wa forodha niliyokuwa karani ihamie Nairobi sina pa kwenda asubuhi. Nikaambiwa nipande, nikashike kamba za turubali. Tumebeba tani 28 za chumvi ya Gongoni. Nusu itashuka Bungoma, nusu Malaba.

Chumvi si mzigo wa kuringia. Zamani Mjomba alikuwa mtu wa makontena. Mwaka 2017 reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ikafunguliwa, kisha ikaja amri kwamba mizigo ya bara ipakiwe kwenye treni hadi Embakasi, na baadaye hadi Naivasha. Wenye malori hamsini walitikisika tu, lakini wenye lori moja walikwenda Gongoni kuuliza kama kuna chumvi. Nasi makarani, karatasi zetu zikafuata makontena. Mimi nilibaki na tai na barua ya shukrani.

Ndiyo maana tarehe 9 Agosti, siku ya uchaguzi wa rais, nilipigia wilibaro, alama ya Ruto. Ruto alikuja Pwani akasema bandari itarudi, nami sikuhitaji la pili. Mjomba alimpigia Baba, yaani Raila Odinga, kama anavyofanya kila uchaguzi ambao jina lake limo kwenye karatasi. Mama hakupiga kabisa. Ana kibanda cha chakula karibu na maghala ya Changamwe, na siku hiyo alipika kama kawaida kwa sababu, alisema, wapiga kura nao hula. Wa aina yake walikuwa wengi: waliojitokeza nchi nzima ni karibu asilimia 65 tu.

Hesabu ya mwisho ilikuwa Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni watu 233,211, hawafiki hata wakazi wa Kisauni. Makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi wakayakana matokeo, kesi ikapelekwa Mahakama ya Juu, na Jumatatu iliyopita majaji wote saba wakasema kwa sauti moja kwamba Ruto ameshinda. Mjomba alizima redio, akaosha uso, akaenda kukagua magurudumu. Hajalitaja tena.

Foleni ya mizani Mariakani ilitukalisha saa mbili na nusu. Bendera kwenye ofisi jirani bado iko nusu mlingoti kwa ajili ya Malkia Elizabeth, leo ndiyo siku ya mwisho ya maombolezo. Mjomba akaitazama kwa muda. "Wakenya bwana. Kesho twaapisha wetu, leo twalia na wa wenyewe."

Tumelala ndani ya lori. Mama kapiga simu kuuliza kama nimekula, na kama huko tuendako unga una bei nafuu.

Jumanne, 13 Septemba. Mariakani hadi Emali

Sikukuu ya taifa, barabara nyeupe. Kutoka Taru hadi Maungu ardhi imekauka mpaka rangi ya udongo na rangi ya ng'ombe huwezi kuzitenganisha. Mvua imekosa misimu kadhaa mfululizo. Pembeni mwa lami wachungaji wamesimama na mifugo iliyokonda hivi kwamba mnunuzi akiipakia garini haitashuka kwa miguu yake yenyewe.

Mjomba alipanga tufike Mtito Andei kabla ya saa sita. Hakusema kwa nini, lakini nilijua: kuna hoteli ina televisheni kubwa.

Mtito Andei ni mji uliojengwa na malori. Ni nusu ya njia kati ya Mombasa na Nairobi, na enzi hizo dereva asiyelala hapo alikula hapo, na asiyekula alibadilisha tairi hapo. Treni inapita bila kununua hata chai. Mwenye hoteli, mama mmoja mwenye kanga ya njano (rangi ya UDA, chama cha Ruto, sidhani ilikuwa bahati), alituonyesha upande wa nyuma. Vyumba kumi na viwili, tisa vimefungwa kwa kufuli. Godoro la mwisho lilinunuliwa mwaka 2016.

Uwanja wa Kasarani, Ruto anakoapishwa, ulikuwa umejaa tangu alfajiri, na watu waliumia kwa kukanyagana langoni. Kwenye skrini ilionekana bahari ya njano. Uhuru, rais anayeondoka, alimkabidhi Ruto upanga wa madaraka, uso wake kama wa mtu aliyetumwa dukani na mdogo wake. Hotelini watu walipiga makofi, wengine walinyamaza na kula. Mjomba alikuwa kundi la wanaokula.

Halafu hotuba ikafika bandarini. Rais mpya akasema shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa, na kwamba ajira zilizopotea Pwani zitarejea. Yule mama mwenye hoteli aliweka sinia chini. Madereva walisimama, mmoja akapiga mbinja. Nami nilisimama, na sioni haya kusema kwamba macho yalinilowa. Mjomba naye nilimwona ameacha tonge hewani. Mtu aliyempigia Baba miaka yote hiyo akaangalia kushoto na kulia, kisha akalitia tonge mdomoni taratibu.

Aliporudi kwenye usukani nikamwambia, "Si umesikia mwenyewe, Mjomba?"

"Nimesikia. Na ile ya bilioni 144 umeisikia?"

Sikuisikia vizuri, nilikuwa nashangilia. Ruto alisema kwamba ruzuku ya mafuta peke yake imekula shilingi bilioni 144, na kati ya hizo bilioni 60 ni za miezi minne iliyopita. Ruzuku ya unga ilikula bilioni 7 kwa mwezi mmoja na hakuna aliyeiona mezani. Alisema njia hiyo haiendeleki, ni afadhali kusaidia mkulima azalishe: magunia milioni 1.4 ya mbolea, ya kilo 50, yatauzwa shilingi 3,500 badala ya 6,500.

"Mtu akikuhesabia alichokulisha," Mjomba akasema, "jua anaondoa sahani."

Kwa upande wa unga Rais alisema kweli, Mama ni shahidi. Mwezi Julai serikali ya Uhuru ilitangaza pakiti ya kilo mbili ishuke kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100, kwa wiki nne. Katika wiki hizo nne Mama alipata pakiti mbili. Zilizobaki zilikuwa kwenye magazeti.

Jumatano, 14 Septemba. Emali hadi Mai Mahiu

Siku ndefu, na hii ndiyo nitakayoikumbuka.

Asubuhi haikuwa na neno. Mizani ya Mlolongo, vumbi, wauza karanga. Hapo ndipo barabara mpya ya juu inapoanzia, kilomita 27 hadi Westlands, iliyofunguliwa Mei mwaka huu, na ukiipanda unalipa. Sisi tulipita chini na watu wetu, kisha tukashika barabara ya kusini kukwepa jiji. Jioni tukateremka bonde la Mai Mahiu kwa gia nzito, breki zikinuka, Longonot ikiwa imejifunika.

Nilidhani Mai Mahiu ni Mtito Andei nyingine, yaani watakuwa na furaha. Tulikaa kwa mama mmoja muuza chapati na maharagwe, nikamwambia kwa bashasha kwamba mizigo inarudi Mombasa. Akaniangalia kama niliyemtukana.

Hapo karibu ndipo reli inapoishia, na ndipo ilipojengwa bandari kavu ya Naivasha. Watu wa hapa waliambiwa wajitayarishe, malori ya Uganda na Rwanda na Kongo yatapakia kwao. Yeye na mumewe walichukua mkopo wa chama wakajenga vyumba sita vya kupangisha. Jirani yake aliuza mbuzi wote akanunua ploti. Sasa mtu wa Kasarani kasema neno moja na ploti imerudi kuwa jangwa. Naye kampigia kura huyohuyo, wilibaro kwa wilibaro kama mimi.

"Nyinyi mlilia miaka mitano," akasema, "sasa ni zamu yetu?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimekuwa nikiwaza kwamba mizigo ilichukuliwa na serikali. Sikuwahi kuwaza kwamba kwenye ncha ya pili ya reli kuna mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki akiisubiri.

Na hilo deni la reli lenyewe, la benki ya China, litalipwa na nani treni ikienda tupu? Mjomba aliuliza hivyo akijikuna ndevu, na hakuna aliyechangia. Dola moja sasa ni kama shilingi 120, na mkopo wa nje hausubiri shilingi ipate nafuu.

Basi tukiwa hapo ndipo simu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine. Mamlaka ya mafuta imetoa bei za mwezi. Petroli Nairobi kutoka 159.12 hadi 179.30, ruzuku yake imeondolewa yote. Dizeli imepanda shilingi 25 kamili, kutoka 140 hadi 165, nayo bado imebakiziwa ruzuku kidogo. Mafuta ya taa yamepanda shilingi 20, hadi 147.94. Bei inaanza saa sita usiku.

Saa ilikuwa tatu kasorobo. Mjomba hakumaliza chapati.

Kituo cha kwanza kilisema dizeli imekwisha. Mlinzi alikuwa anacheka alipotuambia, na sisi tulikuwa tunaiona gari ya mafuta imeegeshwa nyuma. Kituo cha pili foleni ilitoka hadi barabarani: malori, matatu, bodaboda wenye madumu, mwanamke mmoja na chupa ya lita tano ya mafuta ya taa akiwaomba madereva wampishe, na wakampisha. Mhudumu alituwekea kikomo cha shilingi 20,000 na pesa taslimu tu. Mjomba alitoa noti kutoka chini ya kiti, zilizofungwa kwa mpira. Nilijua ni za mkopo wa mwezi huu. Zikanywewa na tangi saa nne na dakika kumi.

Mjomba ana daftari la mistari, jalada limechanika, ambalo ndani yake kila lita imeandikwa tangu anunue gari. Ukiwa na mzigo lori linakunywa lita moja kwa kilomita mbili. Mombasa hadi Malaba ni kama kilomita 930, yaani lita 465. Kurudi tupu, lita 310 au zaidi kidogo. Jumla kama 780. Alizidisha kwa 25 kwenye mwanga wa simu yangu: shilingi 19,500. Bei ya kubeba chumvi ilikubaliwa wiki iliyopita, na mwenye chumvi hana habari na shilingi 25.

"Jana nimepewa bandari," akasema akifunga daftari. "Leo nimeletewa risiti."

Alhamisi, 15 Septemba. Mai Mahiu hadi Eldoret

Mizani ya Gilgil, Nakuru, Salgaa, kupanda Mau Summit kwa mwendo wa kobe. Baridi ya Timboroa iliingia kwenye mifupa, sisi watu wa Pwani hatukuumbiwa hali hii. Stendi ya Nakuru nauli zilikuwa zimeshapanda kabla ya chai ya asubuhi. Redioni wakasema gavana mpya wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, ameapishwa leo. Uchaguzi wetu wa gavana uliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti. Mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana, walau huyu ni wake.

Kwenye mlima alinisimulia mwaka 2002. Alikuwa utingo kama mimi sasa. Moi anaondoka baada ya miaka 24, Kibaki anaapishwa Uhuru Park juu ya kiti cha magurudumu. Anasema wiki za mwanzo za 2003 askari wa barabarani akinyoosha mkono, abiria wenyewe walimshukia. Askari waliona haya. Walipita Mombasa hadi Malaba bila kutoa hata shilingi hamsini. Januari hiyohiyo shule za msingi zikawa bure, na dada yake mdogo akarudi darasani.

"Haya ilidumu muda gani?" nikauliza.

"Mpaka Pasaka hivi."

Tulipita Burnt Forest jioni. Hapo Mjomba huwa haongei. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alikwama maeneo haya siku nne, na hayo hajawahi kunisimulia. Mwaka huu, anasema, hofu yake kubwa ilikuwa hapa, na haikutokea. Vibanda vilikuwa wazi, watoto wanauza viazi na kabichi. Tukanunua kabichi tano.

Ijumaa, 16 Septemba. Eldoret hadi Bungoma

Eldoret haijalala tangu Jumatatu ya mahakama. Mabango, vuvuzela, pikipiki zimefungwa vitambaa vya njano. Rais ni mtu wa hapa, nyumba yake ya Sugoi iko jirani, na kila wa pili tuliyekutana naye alisoma naye au alimuuzia kuku. (Ruto mwenyewe husimulia kwamba aliuza kuku kando ya barabara. Kwa idadi ya wanaodai kununua au kumuuzia, kuku hao walikuwa wengi.)

Baada ya swala ya Ijumaa tulikaa na mzee mmoja, rafiki wa Mjomba wa siku nyingi, mkulima wa mahindi ekari kumi na mbili. Nilitegemea asherehekee mbolea ya 3,500. Alifurahi, ndiyo, tangu vita vya Ukraine mbolea ilipanda hadi akapanda nusu ya shamba bila kutia chochote. Lakini alinichukua mpaka ukingoni mwa shamba akanionyesha mahindi yanayoanza kukauka majani.

"Mwanangu, mbolea inakuja wiki ijayo. Haya yanavunwa Oktoba na Novemba. Huku kwetu tunapanda Machi. Niiweke wapi, chini ya kitanda?"

Mbolea ya sasa itawafaa wa mvua za vuli, wa upande mwingine wa nchi. Yeye anaisubiri ya Machi. Hofu yake ni nyingine: kwamba mijini watalia unga, serikali ifungue milango mahindi ya nje yaingie, na yeye avune katikati ya bei iliyoanguka. Alimpigia kura mtoto wa nyumbani ili mahindi yawe na bei. Mama yangu, kama angepiga, angepiga ili yasiwe na bei. Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie mamako tutakutana katikati," akasema.

Webuye, mizani tena. Nikaona mabomba ya moshi ya kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009. Mwekezaji alikifufua, lakini mji wenyewe haujarudi ulivyokuwa. Kila mgombea wa miaka kumi na mitatu amesimama mbele ya lango lile.

Bungoma tulishusha nusu ya chumvi usiku. Vijana wa kupakua walikuwa na habari mbili: Wetang'ula wao amekuwa Spika wa Bunge, na Mfuko wa Hasla, zile bilioni 50 za mikopo kwa wadogo alizoahidi Ruto, utaanza lini? Mmoja anataka pikipiki yake mwenyewe, kwa sasa anaendesha ya mtu na kumpelekea hesabu kila jioni. Jana petroli ilipopanda, mwenye pikipiki hakupunguza hesabu.

Jumamosi, 17 Septemba. Malaba

Foleni ya malori ilianza kilomita kadhaa kabla ya mpaka. Sisi hatuvuki, tulichepuka hadi ghala la mwenye chumvi, tukamaliza saa tano. Alilipa kama tulivyopatana. Mjomba alimtajia dizeli, yule bwana akamwitikia kwa huruma nyingi na pesa zilezile.

Basi ikabaki mzigo wa kurudi. Ukirudi tupu umejichimbia shimo, na hapa Malaba mzigo ni mahindi yanayotoka Uganda. Dalali alitukutanisha na mfanyabiashara anayepeleka Mombasa magunia 300 ya kilo 90, kwa mwenye kinu. Wakakaa kivulini. Mjomba alifungua daftari, akamwekea mahesabu yote mbele kama mwalimu: lita, kilomita, shilingi 25. Kurudi na mzigo lita ni zaidi, karibu 930 kwa safari nzima, shilingi 23,250 juu ya zamani. Alitaka shilingi 75 zaidi kwa kila gunia. Yule bwana alianza na 20.

Nilikaa pembeni nikisikiliza, na nikaona jambo ambalo hawakulibishania hata kidogo. Hakuna kati yao aliyedhani atailipa yeye. Mjomba alikuwa anamsukumia mwenye mahindi, na mwenye mahindi alisema waziwazi, "Sawa, mimi nitamwambia mwenye kinu, naye atajua la kufanya." Walifika 60. Wakapeana mikono, wakaagiza soda.

Tulipakia mpaka jioni. Nilikuwa juu ya magunia nikifunga turubali, vumbi la mahindi kwenye nyusi, Mama alipopiga. Alikuwa amesikia redioni kuhusu bandari na akaniombea dua ndefu, nipate kazi, nivae tai tena. Kisha akauliza, maana mimi niko huko yanakotoka, mahindi yanakwendaje.

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nitampigia tukifika Bungoma.